Ibn al-Haytham, Mwanachuoni wa Nuru

Wanafunzi wetu wapenzi, safari hii tumewachagulia maisha ya Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen.

Alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 965 (354 Hijria), akabobea katika hesabu. Wanahistoria wanasimulia kuwa alisema angeweza kuyadhibiti maji ya mto Nile. Mtawala wa Misri, al-Hakim, akapata habari na kumwita. Tukumbuke kuwa sehemu ya maji ya mto huo hutoka Ziwa Victoria, lililopakana na Geita, ambalo maji yake huletwa kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga.

Alipofika karibu na Aswan aliyaona majengo makubwa ya watu wa kale, akatambua kuwa lau kazi ile ingewezekana, wao wasingeiacha. Akarudi na kukiri kuwa ameshindwa. Kukiri mbele ya mtawala anayeogopwa si jambo jepesi! Kwa kuhofia maisha yake, inasimuliwa, alijifanya mwendawazimu, akazuiliwa nyumbani hadi al-Hakim alipofariki mwaka 1021. Baada ya hapo aliishi karibu na Azhar akijipatia riziki kwa kunakili vitabu. Alifariki Cairo mnamo mwaka 1040.

Kitabu chake mashuhuri ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Baadhi ya watu wa kale walidhani jicho hutoa miali ikavigusa vitu. Yeye alibainisha kuwa nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, na kila taa ikatoa doa lake ukutani. Alipoziba taa moja, doa lake pekee lilipotea. Hivyo nuru husafiri kwa mstari ulionyooka, nasi twauona mstari huo kila jua linapopenya tundu la msumari katika bati.

Elimu hiyo haikuishia hapo. Mwaka 1947 Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa Uingereza, alibuni hologramu, picha inayohifadhi kitu pamoja na kina chake. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1971. Siku hizi baadhi ya hologramu hurekodiwa katika utando mwembamba wa plastiki uliotiwa rangi inayonasa nuru. Miali miwili ya leza, mmoja ukija moja kwa moja na mwingine ukiwa umekigonga kitu, hukutana katika utando huo. Palipo na nuru kali rangi huamsha mabadiliko, palipo hafifu hubaki karibu kama palivyokuwa. Mistari hiyo midogo ikimulikwa tena, kitu huonekana kana kwamba kipo. Picha inayometameta kwenye kadi za benki ni ya ukoo huo.

Ndugu wanafunzi, sisi wa ukanda wa dhahabu twajua kuwa jiwe halinunuliwi kwa kung'aa kwake, hupimwa kwanza. Ibn al-Haytham aliipima hivyo hivyo elimu ya waliomtangulia, na alipokosea yeye mwenyewe hakuficha. Basi nasi tusione haya kusema tumekosea.