ALOIS SENEFELDER, MWANDISHI ALIYEKOSA FEZA ZA KUCHAPA

Wanafunzi wenzetu, walimu wetu, kila mara tunapotayarisha gazeti letu swali ni lile lile: karatasi na wino tutavipata kwa feza gani? Ndiyo maana leo tunawaelezea maisha ya mtu aliyesumbuliwa na swali hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Alois Senefelder alizaliwa Prague tarehe 6 Novemba 1771. Baba yake alikuwa mchezaji wa teatri, na familia ilikaa München, kule Ujerumani. Alois alianza masomo ya sheria Ingolstadt; baba akafa, masomo yakakatika. Akaingia teatri yeye pia, lakini kazi ile ilimpa njaa tu. Basi akaandika michezo. Mmoja ulichelewa kwa mchapaji, ukakosa soko la vitabu la Pasaka kule Leipzig, na feza iliyoingia ilitosha tu kulipa deni la kuchapa. Njo akaamua kujichapia mwenyewe.

Kwa mashini gani? Hakuwa nayo. Akajifunza kuandika kinyumenyume juu ya shaba, lakini shaba ilikuwa bei kali, na kila mara alipaswa kuikwangua na kuisugua upya. Akachukua jiwe la chokaa alilotumia kusagia wino, laini na sawasawa kabisa, akafanya mazoezi juu yake.

Siku moja ya 1796 mama yake akamwomba aandike hesabu ya nguo za kufua. Mfuaji anangojea, karatasi hakuna hata kipande, wino umekauka. Alois akaandika juu ya jiwe kwa wino wake wa nta, sabuni na masizi. Alipotaka kufuta, akajiuliza asidi ingefanya nini pale. Kumbe asidi ikala jiwe, na maandishi yakabaki yameinuka kidogo. Akapaka wino, akachapa.

Mtaji sasa. Akataka kuingia jeshini kwa nafasi ya mwingine, ili alipwe gulden 200. Wakamkataa juu alizaliwa Prague, si mwenyeji. Sisi tunamshukuru sana yule mkubwa wa jeshi! Senefelder akarudi, akaungana na Franz Gleissner, mwanamuziki, wakaanza kuchapa nyimbo zake.

Lakini jambo kubwa lilikuja 1798. Aliona kwamba jiwe lile linakunywa mafuta na maji pia, na hivyo viwili havipatani. Unachora kwa kitu cha mafuta, unalowanisha jiwe, unapitisha wino wa mafuta: wino unashika mchoro na kukimbia fasi yenye maji. Hakuna tena kuchonga. (Stensil yetu ni namna ingine, kule wino unapita katika matundu.)

Mbele ya hapo, mchoraji mara nyingi alimpa fundi picha yake, fundi akaichonga upya kwa mkono wake mwenyewe, na kitu fulani kikapotea njiani. Sasa mstari ulioonekana kwenye karatasi ulikuwa ule ule wa mchoraji. Goya, karibu na miaka 80, alichora hivi picha zake nne za ng'ombe za Bordeaux, mwaka wa 1825.

Senefelder alipata haki ya peke yake Bavaria mwaka wa 1799, kisha London mwaka wa 1801. Lakini biashara haikuwa kipaji chake, na wengine walikula faida zaidi kuliko yeye. Ni mwaka wa 1809 tu serikali ilimpa kazi ya kudumu, kusimamia uchapaji wa ramani. Mwaka wa 1818 akatoa kitabu na kueleza kazi yote, hata namna ya kutengeneza wino. Kusema kweli, kati yetu wengi wangeficha.

Mupaka mwisho alikuwa anajaribu kuchapa picha za rangi zinazofanana na zile zilizopakwa kwa mkono. Alikufa München tarehe 26 Februari 1834.