Michael Werikhe: Aliyevuka mipaka kwa miguu kumtetea kifaru

BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayeondoka Mutanga Sud na mzigo, akavuka Kobero kuingia Tanzania, anajua kwamba bidhaa haisafiri bila mnunuzi. Pembe ya kifaru nayo ilisafiri hivyo hivyo. Ilitoka porini ikafika bandarini, kisha ikaenda Yemen kutengenezewa vipini vya majambia, au Mashariki ya Mbali kutiwa katika dawa za asili. Biashara hiyo nusura immalize kifaru, na kijana mmoja wa Mombasa aliiona kwa macho yake.

Michael Werikhe alizaliwa mwaka 1956. Alipomaliza shule aliajiriwa na idara ya wanyamapori mjini Mombasa, katika ghala la serikali ambako pembe za ndovu na za kifaru zilipangwa tayari kwa mauzo. Kila pembe aliyoshika ilikuwa ya mnyama aliyekufa. Kazi hiyo ilimshinda moyoni. Akaiacha, akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha kuunganisha magari.

Desemba 1982 alitumia likizo yake kutembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 500, akiwa na nyoka wake wa kufugwa. Waliokuja kumshangaa nyoka waliondoka wamesikia habari za kifaru. Mwaka 1985 alivuka mipaka, akatembea Uganda, Kenya na Tanzania. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya, na mwaka 1991 Amerika Kaskazini, akichangisha fedha za kulinda hifadhi. Mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Hali ilikuwa mbaya. Mwaka 1970 Afrika ilikuwa na vifaru weusi wapatao 65,000. Kufikia mwaka 1995 walibaki chini ya 2,500. Kenya, iliyokuwa nao kiasi cha 20,000, ilibaki na wasiofika 400. Uganda ilipoteza wote. Mkataba wa kimataifa ulipiga marufuku biashara ya pembe mwaka 1977, lakini bei ilipopanda, majangili waliendelea kuua na mizigo iliendelea kupenya mipakani.

Werikhe hakuishi kuona mavuno ya jasho lake. Agosti 1999 alifariki Mombasa baada ya kushambuliwa na wahalifu, akiwa na umri wa miaka 43.

Leo Kenya ina vifaru weusi zaidi ya 1,000, na Afrika nzima zaidi ya 6,000. Uganda ilianza kuwazalisha upya vifaru weupe huko Ziwa mwaka 2005. Mwaka 2017 Rwanda ilipokea vifaru weusi 18 kutoka Afrika Kusini, wakaachiwa katika hifadhi ya Akagera. Ulinzi bado ni wa saa 24, kwa sababu wanunuzi wa pembe hawajaisha.