Lord Rayleigh: Msomi aliyefumbua siri ya mnong'ono

WENGI humkumbuka kama mtu aliyeeleza kwa nini mbingu ni za samawati. Hata hivyo, leza ndogo mno zinazoundwa kwa protini katika maabara za leo zinategemea ugunduzi wake mwingine.

John William Strutt, maarufu kama Lord Rayleigh, alizaliwa Novemba 12, 1842, katika jimbo la Essex, Uingereza. Alikuwa kifungua mimba wa kabaila mwenye mashamba makubwa. Utotoni aliandamwa na maradhi yaliyomkatiza masomo mara kwa mara. Licha ya hayo, alijiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, mnamo 1861, na miaka minne baadaye akaongoza katika mtihani wa hisabati.

Mtu wa tabaka lake alitarajiwa kusimamia mali ya ukoo, wala si kushinda maabarani. Strutt alishika njia yake. Aliporithi cheo cha babake mnamo 1873, aligeuza sehemu ya jumba lao la Terling kuwa maabara, na mnamo 1876 akamwachia nduguye usimamizi wa mashamba.

Mwaka wa 1871 alifunga ndoa na Evelyn Balfour. Muda si muda, alishikwa na homa kali ya baridi yabisi iliyotishia maisha yake. Alielekea Misri kutafuta nafuu, na akiwa ndani ya mashua katika Mto Nile, akaanza kuandika kitabu chake kuhusu nadharia ya sauti. Juzuu zake mbili zilichapishwa mnamo 1877 na 1878.

Miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha ni kuba la Kanisa Kuu la St Paul's jijini London. Mtu akinong'ona karibu na ukuta wa kuba hilo, aliye mbali kando ya ukuta uo huo humsikia barabara. Rayleigh alibaini kwamba sauti haikati katikati ya kuba, bali hutambaa ikifuata mviringo wa ukuta. Mnamo 1910 alilithibitisha jambo hilo kwa hisabati.

Aidha, hakudharau tofauti ndogo. Alipopima naitrojeni, aliona ile ya hewani ni nzito kidogo kuliko ile iliyotengenezwa kwa kemikali. Badala ya kuipuuza, mnamo 1892 aliwaomba wanakemia hadharani wamsaidie kuieleza. Uchunguzi wake na William Ramsay ulifichua gesi ya agoni, na mnamo 1904 akatuzwa Nobeli ya fizikia. Fedha za tuzo hiyo alizikabidhi Chuo Kikuu cha Cambridge.

Rayleigh aliaga dunia Juni 30, 1919, akiwa na umri wa miaka 76. Leza ya kwanza ilikuja kuwaka mnamo 1960, zaidi ya miongo minne baada ya kifo chake.

Hii leo, watafiti huunda vitufe vya protini, ikiwemo ile ya ute mweupe wa yai, vyenye upana unaokaribia ule wa unywele. Hutiwa rangi maalumu, kisha humulikwa kwa leza nyingine. Mwanga huzunguka ndani ukifuata ukingo wa kitufe, mithili ya mnong'ono wa kuba, ukizidi nguvu hadi ukawa leza.

Chembe zikinata juu ya kitufe hicho, rangi ya mwanga hubadilika kwa kiasi kidogo mno. Watafiti wanatumai kuyatambua maradhi kwa badiliko hilo. Isitoshe, kwa kuwa mwili una uwezo wa kuimeng'enya protini, huenda mgonjwa asihitaji kupasuliwa ili kifaa kiondolewe.

Kazi hiyo ingali maabarani kwa sehemu kubwa. Lakini msingi wake uliwekwa na mgonjwa aliyekwenda Misri kutafuta uhai, akarejea na kitabu cha sauti.