Louis Braille, Mtoto Aliyepoteza Macho Asipoteze Elimu

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka mitatu, Louis aliingia karakanani, akashika kifaa chenye ncha kali cha kutobolea ngozi; kikateleza, kikamchoma jichoni. Jicho likaugua, na kwa kuwa enzi zile hapakuwa na dawa za kuua vijidudu, ugonjwa ukavuka hadi jicho la pili. Alipotimiza miaka mitano alikuwa haoni kabisa. (Leo dawa zipo, lakini hazimfai mtoto anayecheleweshwa nyumbani kwa matumaini kwamba jicho litapoa lenyewe.)

Zamani zile kipofu wa kijijini aliishia mara nyingi kuombaomba. Paroko wa Coupvray, Padre Jacques Palluy, hakukubali. Alimfundisha Louis yeye mwenyewe, kisha akamtafutia nafasi katika shule ya kijiji, akae pamoja na watoto wenye kuona. Padre huyu hutajwa kidogo mno, ingawa bila yeye hadithi yote ingalikatika hapo.

Mwaka 1819 Louis alipelekwa Paris, katika shule ya kifalme ya vijana vipofu. Vitabu vilikuwapo, lakini vikubwa na vizito, vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Kidole kilifuata kila mkunjo polepole, hata mwisho wa sentensi ulipofikiwa mwanzo wake umekwisha kusahaulika. Naye mwanafunzi hakuweza kujiandikia neno.

Ndipo Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa jeshi, alipoleta shuleni maandishi ya nukta. Yalihitaji hadi nukta 12 kwa alama moja, na yaliandika sauti tu, si tahajia. Louis akazipunguza ziwe sita, ili ncha ya kidole iguse herufi nzima kwa mara moja. Alikuwa na miaka 15. Mwaka 1829 alichapisha njia yake, pamoja na namna ya kuandika muziki na nyimbo za Kigregori, maana alikuwa mpiga kinanda kanisani.

Upinzani ulitoka kwa wenye kuona. Mkuu mmoja wa shule aliyapiga marufuku maandishi hayo na vitabu vikachomwa. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri, kwani walikwisha kuonja kusoma.

Louis, mwalimu katika shule ileile, alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, Sikukuu ya Tokeo la Bwana. Ufaransa ilizikubali rasmi nukta zake miaka miwili baadaye. Ndizo tunazoziita leo nukta nundu. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, Paris. Mikono yake ilibaki Coupvray.