Kipchomber arap Koilege na Dola Iliyokuwa Ikiinuka

Wataalamu wa uhusiano kati ya dola inayoinuka na nchi changa hupenda kuanzia Beijing. Mwalimu wa Kericho au Bomet hana haja ya kwenda mbali kiasi hicho: anaye Kipchomber arap Koilege, orkoiyot, yaani kiongozi wa ibada na mwaguzi, wa kwanza wa Wakipsigis.

Babaye, Kimnyole arap Turukat, aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890. Wanawe wakagombea urithi: Koitalel arap Samoei akabaki Nandi, Kipchomber akahamia kwa Wakipsigis. Nayo Uingereza ilikuwa ikija na reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Koitalel alipigwa risasi Oktoba 19, 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Kipchomber aliishi chini ya serikali hiyo miaka tisa zaidi, hadi ilipomfukuza pamoja na nduguze mwaka 1914. Alifariki uhamishoni mwaka 1916. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani waligawiwa ardhi ya Kericho walime kitani. Mradi ukaanguka, na katika miaka ya 1920 makampuni yakapanda chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuuhamishia Gwassi ukoo wake mzima wa Talai.

Waandishi wa kikoloni walimwona mtu wa aina yake kuwa mchawi mchochezi. Wanahistoria wa uzalendo wa miaka ya 1960 walimwona shujaa wa upinzani. Wafuasi wa Walter Rodney, baada ya 1972, walitazama reli, mtaji na majani ya chai, na mtu mwenyewe akatoweka machoni pao. Mikabala hii inatofautiana sana, lakini yote huanza kwa kuuliza mgeni alitaka nini.

Maisha ya Kipchomber yanadai maswali mengine. Nani alizungumza na mgeni, na kwa idhini ya nani? Ufa uliokuwamo nyumbani ulimfaa nani? Ndugu hawa walikwisha kutengana kabla utawala wa Kiingereza haujakita mizizi. Kila mmoja alikabiliwa peke yake, kwa zamu yake. Madai ya ardhi hiyo yalifikishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2022, zaidi ya karne moja baadaye.

Mwanafunzi anayeandika insha juu ya reli iliyojengwa na Wachina na kuzinduliwa mwaka 2017 na aanze na maswali hayo. Nia ya mkubwa haifichiki sana. Linalohitaji utafiti ni jinsi mdogo alivyojipanga kumpokea.