Bessie Head: Ugonjwa wa Mwandishi na Riwaya Yake

Maisha yake

Bessie Head alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama yake, Mzungu wa familia tajiri, alikuwa amelazwa humo. Baba yake alikuwa Mwafrika ambaye Bessie hakupata kumjua. Tangu mwaka wa 1927 sheria ilikuwa imeharamisha mapenzi nje ya ndoa baina ya Wazungu na Waafrika, hivyo kuzaliwa kwake kulikuwa ushahidi wa kosa. Alilelewa na familia ya machotara akiamini kuwa hao ndio wazazi wake, hadi alipoambiwa ukweli akiwa katika shule ya wamishenari jijini Durban.

Alifanya kazi ya ualimu, kisha uandishi wa habari. Mwaka wa 1964, baada ya ndoa yake kuvunjika, alihamia kijiji cha Serowe, katika Botswana ya leo, pamoja na mwanawe mdogo. Kibali alichopewa kilimruhusu kuondoka Afrika Kusini bila haki ya kurudi. Alikaa miaka 15 kabla ya kupewa uraia wa Botswana mwaka wa 1979. Alifariki Serowe tarehe 17 Aprili 1986 akiwa na umri wa miaka 48.

Ugonjwa wake

Huko Serowe, akiwa mkimbizi maskini na mpweke, aliugua akili. Ugonjwa ulipozidi, alibandika kwenye posta tangazo lililomtuhumu rais wa nchi kwa maovu yasiyo na msingi. Mwaka wa 1971 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse. Baada ya kutoka, aliandika riwaya ya A Question of Power, iliyochapishwa mwaka wa 1973.

Riwaya yenyewe

Mhusika mkuu, Elizabeth, ni chotara, mkimbizi na mama wa mtoto mmoja wa kiume. Shuleni, mwalimu mkuu anamwonya kuwa huenda akarithi wazimu wa mama yake. Ukubwani, Sello, Medusa na Dan wanamjia katika maono na kumtesa. Tazama yale wanayomsimanga nayo: Medusa anamdhihaki kuwa si Mwafrika kamili kwa kuwa hajui lugha za Kiafrika. Maneno hayo yanatonesha kidonda kilichoachwa na ubaguzi wa rangi. Ugonjwa wa Elizabeth, basi, una chanzo nje ya kichwa chake pia.

Elizabeth naye anabandika tangazo kwenye posta, lakini anayetuhumiwa ni Sello, wala si rais. Hapa tunaona kazi ya msanii: tukio la kweli limebadilishwa ili lihudumie dhamira ya mamlaka na uovu. Kadhalika bustani ya ushirika, ambayo Bessie aliifanyia kazi kweli, inakuwa katika riwaya mahali pa uponyaji. Elizabeth na Kenosi wanalima, wanapika jamu na kuiuza. Kazi ya mikono na urafiki vinamrudisha kwa watu.

Kwa mtahiniwa

Kosa ninalolikuta mara kwa mara katika kusahihisha ni kumchukulia mhusika kuwa ndiye mwandishi. Usiandike kwamba riwaya hii ni maneno ya mwendawazimu. Ugonjwa ulimpa Bessie malighafi. Kuipanga katika sehemu mbili, ya Sello na ya Dan, na kuifikisha kwenye tamati ya matumaini kulihitaji akili tulivu. Pia usitumie neno wazimu kama tusi: mgonjwa wa akili ni mtu, na huenda ni jirani yako darasani.

Zoezi

Maisha ya mwandishi ni ufunguo wa kazi yake, lakini si kazi yenyewe. Jadili kauli hii ukirejelea Bessie Head. (alama 20)