HENRY LEE: GAVANA ALIYEISHIA JELA YA MADENI

Ndugu zangu tuliopita hapa shuleni, nanyi vijana mlio madarasani, jina la Lee mnalijua kwa sababu ya Robert E. Lee, jemadari wa majimbo ya Kusini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Baba yake hatajwi sana. Kwa maoni yangu maisha ya baba ndiyo yanayotufikirisha zaidi, hasa sisi tuliokabidhiwa kazi za umma.

Henry Lee alizaliwa Virginia mwaka 1756, katika ukoo wa mabwana wa mashamba waliotajirika kwa tumbaku na kwa jasho la watumwa. Mwaka 1773 alihitimu katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton. Alikusudia kusomea sheria, lakini vita vya kuutafuta uhuru kutoka kwa Waingereza vikaanza, na mwaka 1776 akawa kapteni wa askari wapanda farasi. Kazi ya kikosi chake ilikuwa kupeleleza, kuvizia misafara ya chakula, kisha kutoweka kabla adui hajajipanga. Ndipo akapewa jina la utani: Harry wa Farasi Wepesi.

Tarehe 19 Agosti 1779, kabla ya mapambazuko, aliivamia ngome ya Paulus Hook, ng'ambo ya mto kutoka New York, akateka zaidi ya watu 150. Alikuwa na miaka 23 tu! Maofisa wenzake walimwonea kijicho wakamfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi. Akaonekana hana hatia, na Congress ikampa medali ya dhahabu, ambayo katika vita vile haikupata ofisa mwingine aliye chini ya cheo cha jenerali. Baadaye alipigana Kusini chini ya Jenerali Greene.

Alikuwa Gavana wa Virginia tangu 1791 hadi 1794. Mwaka huo wa mwisho wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walikataa kulipa kodi ya pombe kali, na Rais Washington akamkabidhi Lee askari wapatao 13,000. Waasi walitawanyika bila mapigano makubwa. Washington alipofariki mwaka 1799, ni Lee aliyechaguliwa kutoa hotuba ya taazia mbele ya Congress.

Basi, mtu huyu aliyeweza kuhesabu hatua za adui gizani hakuweza kuhesabu fedha zake mwenyewe. Aliamini kwamba ardhi ikinunuliwa leo kwa mkopo, kesho itauzwa kwa faida. Mwaka 1795 alinunua hisa za ardhi kutoka kwa Washington mwenyewe, akashindwa kuzilipia. Mke wake wa kwanza, Matilda, mrithi wa jumba la Stratford, aliwahi kumtambua: kabla ya kufa mwaka 1790 aliiandikisha mali yake kwa ajili ya watoto, ili wadai wa mumewe wasiiguse. Nadhani hakuna hakimu aliyempima Lee vizuri kuliko mama huyu.

Siku zile mdaiwa asiyelipa alifungwa. Mwaka 1809 gavana wa zamani akaingia jela, akakaa humo kama mwaka mmoja. Robert alikuwa mtoto wa miaka miwili. Lakini huko jela Lee hakukaa bure. Aliandika kumbukumbu za vita vya Kusini, zikachapishwa mwaka 1812, na wanahistoria wanazitumia mpaka leo.

Mwaka huohuo, mjini Baltimore, alisimama upande wa mhariri mmoja ambaye gazeti lake lilipinga vita vipya na Uingereza. Wakuu wa mji waliwapeleka mhariri na wenzake jela ili wawe salama. Kundi la watu likaivunja jela hiyo usiku. Jenerali Lingan, mkongwe mwenzake wa vita vya uhuru, aliuawa. Lee alipigwa akaachwa kama maiti, na hakupona sawasawa tena.

Mwaka 1813 alikwenda visiwa vya Karibi kutafuta afya, na labda kuwakimbia wadai. Mkewe wa pili, Ann, alibaki Alexandria akiwalea watoto kwa kubana matumizi. Lee hakuwaona tena. Akiwa njiani kurudi alishukia kisiwa cha Cumberland, Georgia, nyumbani kwa binti wa Jenerali Greene, mkuu wake wa zamani. Alifia hapo tarehe 25 Machi 1818. Mwaka 1913 mifupa yake ilihamishiwa Lexington, Virginia, alikozikwa Robert.